Maswali ya Wasomaji: Kung'arisha Mawe kwa Gharama Nafuu

Barua tulizochagua safari hii zinahusu mashine ndogo yenye pipa linalozunguka usiku na mchana, ambalo ndani yake mawe, maji na unga mkali husuguana kwa wiki kadhaa hadi mawe yatoke laini na yenye kung'aa. Walioandika si wachimbaji wala masonara, bali ni watu wanaopenda mawe kwa ajili ya kujifurahisha, na karibu wote wanauliza namna ya kuifanya kazi hii bila kutumia fedha nyingi.

Swali: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi ofisini hapa Arusha na kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya vijiwe vya rangi. Sasa nataka kuving'arisha. Mashine nilizoziona kwenye intaneti ni ghali, na nikiongeza nauli ya mzigo pamoja na ushuru, bei inanishinda. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma ameniambia kwamba anaweza kunitengenezea mashine kwa kutumia mota ya mashine kuukuu ya kufulia. Je, nikubali, au nijikusanye ninunue ya dukani?
*Msomaji, Arusha*

Jibu: Ndugu msomaji, fundi wako anasema kweli, lakini kabla hajakata chuma mpe hesabu mbili, ya kwanza ikiwa ya mwendo na ya pili ya umeme.

Mwendo ndio unaoamua kama mawe yatasagika au yatavunjika. Pipa likizunguka polepole mno, mawe huteleza tu chini yake. Likizunguka kasi mno, hunata ukutani na kuzunguka nalo kama nguo katika mashine ya kukamulia, yasisuguane hata kidogo. Ukomo wa mwendo, yaani ule ambao mawe huanza kunata ukutani, hupatikana kwa kugawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha ndani cha pipa, kipenyo kikiwa kimepimwa kwa mita, na jibu lake ni idadi ya mizunguko kwa dakika. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 15 hufikia ukomo likizunguka takriban mara 109, nawe unahitaji nusu ya mwendo huo au chini yake kidogo, yaani kati ya 40 na 55. Ikiwa mota ya fundi wako ni ile ya kizamani inayozunguka karibu mara 1,400 kwa dakika, puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 25 kwenye shafti zitaushusha mwendo hadi 280. Shafti hiyo ikivishwa mpira hadi ifikie unene wa sentimita 2.5, kisha pipa lenye upana wa nje wa sentimita 16 likalazwa juu yake, pipa litazunguka takriban mara 44 kwa dakika, ambao ni mwendo mzuri. Mpe vipimo hivyo kwa maandishi, kwa sababu mafundi wetu hodari wana tabia ya kupima kwa jicho, na hapa jicho halitoshi.

Hesabu ya umeme ndiyo ambayo watu wengi huisahau, na kwa maoni yangu ndiyo inayofanya mashine ya bei rahisi igeuke kuwa ya bei ghali. Mkupuo mmoja wa mawe huchukua takriban wiki nne, yaani saa 672, bila kuzimwa. Mota ya robo ya nguvu farasi, hata ikivuta wati 150 tu, itakula uniti 100 katika muda huo, ilhali mashine ndogo ya kiwandani inayovuta wati 30 itakula uniti 20. Ikiwa nyumba yako iko katika kundi la D1 la TANESCO, ambalo ni la wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, mota hiyo peke yake itakuvusha mpaka hata kabla hujawasha taa. Kwa hiyo, kama utaikubali mota ya mashine ya kufulia, mwambie fundi atengeneze shafti ndefu zinazoweza kubeba mapipa matatu au manne kwa pamoja, ili gharama ya umeme igawanyike. Kwa pipa moja, mota hiyo ni kubwa kupita kiasi.

Njia ya kati ni mota ya waipa ya gari, inayopatikana kwa wauza vipuri chakavu. Hii ina gia ndani yake, hutumia umeme wa volti 12, na huzunguka polepole kiasi kwamba haihitaji puli za kupunguza mwendo. Lakini usiiunganishe na shafti nyembamba inayobeba pipa, kwani pipa litazunguka mara chache mno. Iunganishe moja kwa moja na kitako cha pipa, au na rola yenye upana unaokaribia wa pipa lenyewe. Udhaifu wake ni kwamba haikuundwa kufanya kazi wiki nzima bila kupumzika, hivyo kaboni zake huisha, na mwenye kuitumia hana budi kuwa na mota ya akiba.

Kuhusu pipa lenyewe, kipande cha bomba la PVC la inchi sita kinatosha, upande mmoja ukiwa umezibwa kwa gundi na upande mwingine ukiwa na kifuniko kinachofunguka lakini kisichovuja. Ndani yake bandika mpira wa tyubu ya gari. Mpira huo hupunguza kelele, huzuia mawe yasipasuke, na ukiongeza mikanda mitatu au minne ya mpira iliyoinuka kidogo, mawe yatanyanyuliwa na kuporomoka badala ya kuteleza. Usitumie kopo la rangi, kwa sababu kutu yake huyachafua mawe, na kopo la alumini ni baya zaidi kwa kuwa huweza kuzalisha gesi ndani ya pipa lililofungwa.

Hata hivyo, mashine ni ununuzi wa mara moja, ilhali unga wa kusagia utaununua daima. Unga huo ni wa silikoni kabidi, na namba zake hufuata mantiki ileile ya msasa: namba ndogo ni punje kubwa. Kazi huanza na namba 60 au 80 ili kuondoa pembe na mashimo, hufuata 120 hadi 220, kisha 500, na mwisho unga laini wa kung'arisha, ambao kwa kawaida ni oksidi ya alumini. Kila hatua huchukua takriban siku saba. Kipimo cha kawaida ni vijiko viwili vya mezani kwa kila nusu kilo ya mawe; pipa hujazwa mawe hadi theluthi mbili au robo tatu, kisha maji huongezwa hadi yakaribie usawa wa mawe ya juu bila kuyafunika. Pipa lenye kilo moja ya mawe hutumia takriban gramu 90 hadi 100 za unga kwa hatua moja, kwa hiyo kilo moja ya unga hutosha takriban mara kumi. Hatua ya kwanza mara nyingi hurudiwa mara mbili au tatu, hivyo nunua unga wa namba 60 au 80 kwa wingi kuliko zote, nusu yake kwa namba zinazofuata, na gramu 200 tu za unga wa kung'arisha. Anayenunua vipakiti vidogo vinavyouzwa pamoja na mashine za watoto hulipa bei kubwa mno kwa kila gramu.

Wewe una bahati ya kuishi Arusha. Mafundi wa kukata vito hapo ni wengi, na silikoni kabidi na unga wa kung'arisha ni mahitaji ya kazi yao, kwa hiyo kinachobaki ni kumwomba mmoja wao akujumuishe katika manunuzi yake. Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambacho nacho kiko Arusha, hufundisha ukataji na ung'arishaji wa vito, na wakufunzi wake ni watu wazuri wa kuwauliza ni nani anayeuza nini. Mawe nayo usiyatafute mbali: waombe madalali wenye leseni vipande ambavyo havifai kukatwa kuwa vito, vinunue kwa kilo, na uchukue risiti, kwa kuwa biashara ya madini ina sheria zake. Akiki, yaspi na ile krisopraso ya kijani inayotoka Haneti mkoani Dodoma ni mawe yanayoivumilia kazi hii vizuri. Jiwe la Longido lenye rubi ndani ya zoisaiti ya kijani linapendeza sana machoni, lakini katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 rubi ina 9 ilhali zoisaiti haizidi 7, hivyo sehemu ya kijani huliwa haraka na rubi hubaki imetokeza kama vinundu. Tanzanaiti usiitie kabisa ndani ya pipa. Hupasuka kwa urahisi kufuata tabaka zake.

Swali: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hapa Nakuru. Ningependa wanafunzi wangu waone jinsi jiwe linavyolainika, lakini shule haina pesa za kununua unga maalumu. Je, mchanga wa mtoni hauwezi kufanya kazi hiyo? Na ile dawa ya kusagia valvu inayouzwa kwenye maduka ya spea, inafaa?
*Mwalimu, Nakuru*

Jibu: Mwalimu, mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni kwatzi, na katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812 kwatzi ina namba 7. Akiki na yaspi ziko kati ya 6.5 na 7. Kitu hakiwezi kukikwaruza vizuri kingine chenye ugumu sawa nacho, kwa hiyo mchanga utazungusha na kuzungusha, umeme utakwenda, na mawe yatatoka karibu kama yalivyoingia. Mto hufaulu kwa sababu una muda ambao shule haina. Silikoni kabidi ina ugumu unaozidi 9, na punje zake zinapovunjika hutoa kingo mpya kali, ndiyo maana kazi ya karne huisha ndani ya wiki. Wanafunzi wako wanaweza kufurahi kusikia kwamba Mmarekani Edward Acheson aliipata mwaka 1891 alipokuwa akitafuta njia ya kutengeneza almasi bandia.

Dawa ya kusagia valvu mara nyingi ina unga uleule wa silikoni kabidi, lakini umechanganywa na grisi, na unga uliomo ni kidogo mno ukilinganisha na bei yake. Grisi huyapaka mawe na mpira wa pipa, na kuiosha yote ni taabu. Iacheni kwa makanika.

Kwa shule, ushauri wangu ni kuachana na mashine kabisa. Nunueni msasa wa maji, ule mweusi unaotumiwa na wapaka rangi za magari, kwa kuwa huo nao umetengenezwa kwa silikoni kabidi, na muupate katika namba za 120, 220, 400, 600 na 1000. Kisha tafuteni masalio ya mawe ya sabuni kutoka kwa wachongaji wa Tabaka huko Kisii. Jiwe hilo ni laini kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne anaweza kulisugua ndani ya beseni la maji, akahama kutoka namba moja hadi nyingine, akalikausha na kulipaka nta, na yote hayo yakaisha katika vipindi viwili au vitatu. Wachongaji wenyewe humalizia vinyago vyao kwa msasa na nta. Sharti moja ni kwamba jiwe liwe limelowa muda wote, ili vumbi lisiingie mapafuni mwa watoto.

Nina tahadhari moja inayohusu eneo lenu. Obsidiani, lile jiwe jeusi linalofanana na kioo, linapatikana kwa wingi upande wa Naivasha na Gilgil, na wanafunzi watashawishika kuliokota. Ndani ya hifadhi kama Hell's Gate hairuhusiwi kuchukua jiwe lolote, na katika eneo la Kariandusi vipande vya obsidiani vinaweza kuwa zana za watu wa kale, ambazo zinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006.

Swali: Ndugu Mhariri, mume wangu alinitengenezea mashine nzuri, nami nikajaza mawe meupe na ya kijivu niliyookota ufukweni hapa Tanga. Baada ya wiki nne yametoka madogo kupita kiasi na hayang'ai hata kidogo, na katikati ya kazi kifuniko kiliwahi kuruka chenyewe. Unga ulikuwa wa dukani, wenye namba sahihi. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Ndugu msomaji, kosa liko katika mawe. Karibu nina hakika kwamba uliyookota ni mawe ya chokaa, yaliyotokana na matumbawe na makombe ya kale. Madini yake ni kalisaiti yenye ugumu wa 3, na ukiyatia pamoja na silikoni kabidi huliwa upesi na kubaki tope. Kifuniko nacho huruka pale gesi inapokusanyika ndani ya pipa, jambo ambalo hutokea zaidi kwa mawe ya namna hiyo. Kuanzia sasa, fungua pipa mara moja kwa siku katika hatua ya kwanza ili gesi itoke, hata unapotumia mawe mazuri.

Kuna majaribio mawili ambayo hayagharimu chochote, na mtu akiyafanya kabla ya kujaza pipa ataokoa mwezi mzima wa umeme. Dondosha siki au maji ya limao juu ya jiwe ulilolikwaruza kidogo. Likitoa mapovu, ni chokaa, lirudishe. Kisha jaribu kukwaruza kipande cha kioo cha dirisha kwa jiwe hilo, na kulikwaruza jiwe lenyewe kwa ncha ya kisu. Linalokata kioo na lisilokubali kisu linafaa. Gonga pia jiwe moja kwa jingine na usikilize, kwa sababu lenye nyufa hutoa mlio mzito uliokufa, na litavunjika katikati ya kazi na kuyachora mengine yote.

Usichanganye mawe ya ugumu tofauti katika pipa moja. Usihamie hatua inayofuata kabla ya kuosha kila jiwe na pipa lenyewe kwa mswaki, kwa kuwa punje moja ya namba 80 iliyojificha ndani ya ufa inatosha kuharibu hatua ya kung'arisha. Wala usimwage unga kwa sababu tu siku saba zimekwisha: sugua tope kati ya vidole, na kama bado linakwaruza, lirudishe kwa siku mbili tatu zaidi, kwa kuwa umekwisha kulilipia.

Katika hatua ya mwisho mawe huhitaji kitu cha kuyakinga yasigongane. Wenye fedha hununua vipande vya kauri vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini changarawe ndogo ya kwatzi iliyokwisha kuviringika hufanya kazi ileile, mradi uiweke kando kwa ajili ya hatua hiyo peke yake. Unga wa kung'arisha ukikosekana madukani, waulize mafundi wa vioo vya magari, kwani oksidi ya siriamu wanayoitumia kuondoa mikwaruzo kwenye kioo cha mbele huzing'arisha pia akiki na kwatzi. Ukimaliza, zungusha mawe kwa saa chache katika maji yenye vipande vya sabuni ya mche ili kuondoa ukungu wa unga uliobaki. Ukiona mtu anauza mawe yaliyong'aa mno kwa bei ya kutupa, kwaruza upande wa chini kwa ukucha. Baadhi yamepakwa vanishi tu.

Kwa kuwa uko pwani, jaribu pia vioo. Vipande vya chupa za soda au bia, vilivyovunjwa ndani ya gunia huku umevaa miwani ya kinga na glavu, havigharimu kitu, na kwa ugumu wake wa takriban 5.5 vinaweza kuanza moja kwa moja na namba 120 hadi 220. Ukiishia hapo, au kwenye namba 500, utapata kile kioo chenye ukungu ambacho watu hukipenda kwa hereni na mikufu, na hutahitaji kununua unga wa kung'arisha kabisa. Matumbawe na makombe, kwa upande wake, yaache yalipo, hasa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ambako kuyachukua ni kosa.

Swali: Mhariri, dada yangu anaishi Minnesota nchini Marekani na anakuja likizo mwezi wa Desemba. Amesema kuwa huko mashine zilizotumika za kung'arisha mawe hupatikana kwa bei nafuu. Je, aniletee? Nimesikia kwamba umeme wao si kama wetu.
*Msomaji, Moshi*

Jibu: Ndugu msomaji, dada yako yuko mahali pazuri, kwa sababu akiki ya Ziwa Superior ndiyo jiwe rasmi la kito la jimbo hilo tangu mwaka 1969, na kung'arisha mawe ni mchezo wa wazee na watoto. Mashine zilizotumika za Thumler's au Lortone zinathaminiwa kwa kuwa ni sahili: mota, mkanda, shafti mbili na pipa la mpira, vitu ambavyo fundi yeyote wa Moshi anaweza kuvirekebisha.

Tatizo ni lile ulilolisikia, nalo lina sehemu mbili. Umeme wao ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 230, na hilo hutatuliwa na transfoma ya kupunguza. Lakini umeme wao hukamilisha mizunguko 60 kwa sekunde, yaani hezi 60, na wetu 50, na transfoma haibadilishi hilo. Mota ya kule ikifika hapa itazunguka kwa takriban tano kwa sita ya mwendo wake, ambalo si jambo kubwa kwa mawe, ila itapata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na joto la wiki nne mfululizo huichosha. Ikiwa pipa lilizunguka mara 54 kule, hapa litazunguka 45. Ukiamua kuichukua, iweke mahali penye hewa, elekeza kipepeo kidogo kwenye mota, na ukishindwa kuigusa kwa mkono kwa sababu ya joto, izime. Baadhi ya mashine ndogo za sasa hutumia adapta yenye maandishi ya volti 100 hadi 240 na hezi 50/60. Hizo hufanya kazi hapa bila transfoma.

Hata hivyo, kama begi la dada yako lina nafasi ya kilo tatu tu, mimi nisingemwomba mashine. Ningemwomba kilo moja ya silikoni kabidi namba 60 hadi 90, nusu kilo ya 120 hadi 220, nusu kilo ya 500, robo kilo ya oksidi ya alumini, na mikanda miwili mitatu ya akiba. Vitu hivyo ndivyo vigumu kuvipata Moshi, ilhali pipa na fremu utatengenezewa hapo hapo. Mwambie auache unga katika vifungashio vyake vya dukani vyenye lebo, maana unga usio na jina ndani ya mfuko wa plastiki humletea msafiri maswali mengi uwanja wa ndege.

Swali: Ninaishi ghorofani Temeke. Majirani wanalalamikia kelele za mashine yangu usiku, na sinki la jikoni limeziba. Nifanye nini?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Kelele kwanza. Sehemu kubwa yake haitoki kwenye mota, hutoka kwenye pipa la plastiki lisilo na mpira ndani, au lisilojaa vya kutosha. Bandika mpira wa tyubu, jaza mawe hadi theluthi mbili, na uikalishe mashine juu ya kipande cha tairi kuukuu au godoro la sponji badala ya kuiweka sakafuni moja kwa moja. Kagua pia beringi, kwa kuwa beringi iliyoisha hulia usiku kucha, na mpya za ukubwa wake hupatikana Gerezani au Kariakoo bila shida. Usiifunike mashine kwa nguo wala kuifungia kabatini ili kuzima sauti; mota inahitaji hewa. Mkanda na puli viwekewe kinga, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Sinki limezibwa na tope la mawe, ambalo hutuama kwenye kona za bomba na kugandamana kama saruji. Dawa ya kuzibua haiyeyushi mawe, hivyo huna budi kumwita fundi bomba afungue kona ile iliyo chini ya sinki na kulitoa kwa mkono. Baada ya hapo, osha mawe yako ndani ya ndoo, kamwe si juu ya sinki. Iache ndoo itulie usiku mmoja, mwaga maji safi ya juu kwenye maua, kisha tope lililobaki chini litie katika mfuko likiwa bado bichi, ufunge na ulitupe pamoja na taka ngumu. Usilianike likakauka kwenye baraza, kwa sababu vumbi lake lina silika laini inayodhuru mapafu, nawe na majirani zako mnavuta hewa moja.